Mkanda Mfupi

Gari langu lilianza kulia wakati wa mvua za Machi. Lililia asubuhi tu, pale linapowashwa, mlio mwembamba wa mpira unaoteleza juu ya chuma, na baada ya dakika moja likanyamaza. Ninakaa Niboye, mtaa wa Kigali, kwenye uzio mmoja na familia nyingine mbili. Jirani yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia kwamba siku hizi hahitaji kutega saa. Akisikia gari langu anajua ni saa kumi na mbili na nusu na anawaamsha watoto wake. Alisema hayo huku akicheka, lakini nilimwelewa.

Baba aliamua siku hiyohiyo kwamba atalishughulikia mwenyewe.

Baba anakaa nami tangu mama alipofariki. Ana miaka sabini na sita. Wazazi wake walikimbilia Karagwe, upande wa Tanzania, akiwa bado kijana, na huko ndiko alikofanya kazi karibu maisha yake yote, fundi wa malori kwenye gereji ya misheni. Mimi nilizaliwa huko. Tuliporudi Rwanda alikuwa tayari mtu mzima, mikono yake ina mistari myeusi ambayo sabuni haiitoi. Kinyarwanda chake ni cha nyumbani na kanisani. Hakina maneno ya injini. Mpaka leo akifungua boneti anahamia Kiswahili, hata kama anayeongea naye hakijui.

Sikio lake la kushoto halifanyi kazi, na la kulia linachagua. Sauti nene anazipata. Sauti nyembamba zimempotea. Kwa hiyo mlio ule uliowaamsha watoto wa mwalimu yeye hakuusikia kamwe. Aliujua kwa kuambiwa.

Alianza na sabuni. Alikata kipande cha sabuni ya mche, akaupaka mkanda wa injini upande wa ndani, injini ikiwa imezimwa, akiuzungusha kidogo kidogo kwa spana. Kisha akaniambia niwashe. Nikawasha. Akainamisha kichwa, sikio la kulia likielekea kwenye injini.

"Kimya?" akaniuliza.

Mkanda ulikuwa bado unalia, ila chinichini.

"Kimya," nikasema.

Sijui vizuri kwa nini nilisema hivyo. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka katika ofisi moja mjini, na kazini siwezi kubadilisha hata nukta. Lakini baba alikuwa amesimama pale, suruali yake ya kazi imefungwa kwa kamba, tangu alfajiri, na nilitaka akapate chai.

Sabuni ilidumu siku nne. Mwezi wa Aprili akanunua mkanda mpya. Gari langu ni dogo, la dizeli, na lina mkanda mmoja tu mrefu, wenye mistari kwa ndani, unaopita kwenye puli zote: ya injini chini, ya pampu ya maji, ya usukani, na ya alteneta, ile inayochaji betri. Katika malori ya baba mkanda ulikazwa kwa boliti. Unalegeza boliti, unaivuta alteneta kwa nondo, unakaza. Katika gari langu hakuna boliti ya kukaza. Kuna mkono wa chuma wenye springi ndani na puli ndogo kwenye ncha, nao unaukandamiza mkanda wenyewe, siku zote, bila kuulizwa. Baba hakuupenda mkono ule. Alisema kitu kinachojikaza chenyewe kitajilegeza chenyewe.

Siku alipofunga mkanda mpya alinipa tochi nimmulikie, akaniambia nikanyage mafuta kidogo kisha nirudi kuangalia pamoja naye. Niliona mkono wa springi unatetemeka. Haukuwa mtetemo wa injini. Ulikuwa unapigapiga, haraka, kama goti la mtu mwenye homa, na mkanda kati ya alteneta na mkono huo ulikuwa unachezacheza. Baba alikuwa anaangalia upande wa pampu. Nilikuwa nimekulia kwenye gereji. Nilijua kwamba kitu kikitetemeka peke yake pana sababu. Nikamulika mahali alipotaka nimulike.

"Safi," akasema.

Baada ya wiki sita kelele zilirudi, na safari hii kulikuwa na unga mweusi umetapakaa kwenye plastiki za karibu na mkanda. Mpira ulikuwa unalika. Baba aliuchukua unga kwa kidole, akausugua na kidole gumba, akanusa.

"Huu mkanda ni mrefu," akasema. "Springi imechoka, haiwezi kuuvuta. Dawa ni mkanda mfupi."

Alizunguka maduka ya spea siku mbili, mkanda wa zamani ukiwa shingoni, akaulinganisha na mingine mpaka akapata uliopungua kama upana wa vidole viwili. Kuuingiza kulimchukua karibu saa nzima. Aliuvuta mkono wa springi kwa bomba refu mpaka mwisho kabisa, akausukumiza mkanda kwa mpini wa nyundo, akapumzika, akasukuma tena. Ulipoingia, ulikuwa umekaza kama waya. Aliupiga kwa kidole.

Nilipowasha, hakukuwa na mlio wowote. Nilimwambia kimya, na safari hii ilikuwa kweli.

Kimya kile kilidumu Juni na Julai. Baba aliwasimulia wageni. Mwalimu alirudia kutega saa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha kwenda kazini na kurudi, na kuanzia katikati ya Julai nilisikia kitu kingine, mvumo mzito uliopanda na kushuka pamoja na injini, kama mtu anayeguna usingizini. Huo baba angeweza kuusikia kama angekuwa ndani. Lakini yeye hupanda gari Jumapili tu, kwenda kanisani, na Jumapili niliwasha redio.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Binti wa majirani zetu wa zamani wa Karagwe alikuwa anaposwa, na sherehe yenyewe, gusaba, ilikuwa kwenye kilima cha Rebero, nyumbani kwa mjomba wake. Baba alikuwa msemaji wa upande wa binti. Hiyo si kazi ndogo. Msemaji ndiye anayewapokea wakwe, anawabishia, anakataa, anawachekesha, anawafanya wasubiri, mpaka mwishowe anakubali kwa niaba ya ukoo. Alikuwa amejiandaa wiki tatu. Alivaa suti ya kijivu na kofia, akachukua fimbo ya sherehe, nami nikawasha redio, tukaondoka mapema kwa sababu hapendi kuwakuta wageni wamekaa.

Tulipokuwa tunapanda Rebero, nikiwa gia ya pili, kulisikika mlipuko mdogo chini ya boneti, kisha vitu vikachapachapa. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Usukani ukawa mzito mara moja, nikaung'ang'ania kwa mikono yote miwili kumaliza kona.

"Simama. Zima injini," baba akasema. "Pampu ya maji haizunguki. Ukiendelea utaiunguza."

Nikasimama pembeni, nikaweka mawe mawili nyuma ya tairi. Alishuka na suti yake akafungua boneti. Mkanda haukuwepo. Kulikuwa na nyuzi nyeusi zimejiviringisha kwenye puli, na kipande kimoja kimening'inia kwenye bomba. Baba aligusa alteneta kwa ncha za vidole, akaurudisha mkono haraka. Akasimama akiangalia. Watu waliokuwa wakipanda kwa miguu walitusalimu, naye akawaitikia bila kugeuka.

"Wakwe wanafika saa nane," nikamwambia.

Akatazama saa, akafunga boneti taratibu. Nikasimamisha pikipiki. Baba akavua kofia, akaikunja ndani ya koti, akavaa helmeti ya abiria, ambayo haikumtosha vizuri kwa sababu ya masikio. Akailaza fimbo mapajani. Dereva wa pikipiki alimwambia, "Muzehe, shika mimi vizuri," naye akamshika kiunoni kwa mkono mmoja. Niliwaangalia mpaka wakapotea kwenye kona, baba akiwa amenyooka mgongo kama yuko kwenye kiti cha ofisi.

Dereva wa pikipiki mwingine aliyekuwa amesimama kuangalia aliniambia anamjua fundi, karibu na makutano ya Sonatubes, fundi wa kike, akampigia simu palepale. Nilikaa kwenye gari. Baada ya kama dakika arobaini fundi akaja nyuma ya pikipiki, mfuko wa spana mgongoni na mikanda mitatu begani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, ovaroli imekunjwa mikono. Nilijua baadaye kwamba alikulia Kampala na Kiswahili alijifunzia kazini, kwa madereva wa Kongo.

Alitoa nyuzi zilizonasa, akakichukua kile kipande cha mkanda na kusoma maandishi yake. Kisha akaniangalia.

"Mama, hii mkanda nani aliweka?"

"Fundi mmoja," nikasema.

"Iko mfupi. Iko mfupi sana. Angalia, hii mkono ya springi ilikuwa imefika mwisho, haina nafasi ya kucheza. Mkanda ilikuwa inavuta alteneta kama kamba inavuta ng'ombe." Akaanza kuzizungusha puli moja moja kwa mkono. Ya usukani ikazunguka vizuri. Ile ndogo ya kwenye mkono wa springi ikazunguka ikiwa na mkwaruzo. Alipofika kwenye alteneta, akachukua bisibisi, akaipitisha kwenye matundu ya alteneta ili kuishikilia feni ya ndani isizunguke, halafu akajaribu kuizungusha puli yake mbele na nyuma. Haikusogea popote.

"Umeona? Hii puli iko na klachi ndani. Upande moja inatakiwa ikamate. Upande ingine inatakiwa iende bure, kama tairi ya nyuma ya baiskeli ukiacha kupiga pedali. Hii imekamata pande zote. Imekufa zamani. Mkanda haina kosa, mama. Ni hii ilikuwa inakula mikanda."

Nikamwuliza kama mkono wa springi kupigapiga ni dalili yake.

"Yego," akaitikia. "Ndiyo dalili ya kwanza. Kwani uliona?"

"Niliona."

Fundi alifunga mkanda wa urefu unaotakiwa, akawasha, akasikiliza ule mguno, akaniambia beringi za alteneta nazo zimeumia kwa kuvutwa. Gari lingetembea polepole mpaka nyumbani. Jumatatu nilipeleke gereji kwake.

Nilifika kwenye sherehe wakati watu wanakula. Baba alikuwa ameketi mbele, kofia kichwani, sauti imemkauka kwa kusema. Waliniambia alikuwa ameanza kwa kuwaambia wakwe kwamba yeye, kwa umri wake, amepanda mlima kwa pikipiki kuja kuwakatalia, na hema zima lilicheka. Nilipoketi karibu naye aliniinamia.

"Ni nini?"

"Fundi anasema atalifungua Jumatatu."

"Nitakuja," akasema.

Nilikuwa na Jumapili nzima ya kumwambia, na sikumwambia.

Jumatatu tulifika Sonatubes saa tatu. Gereji ilikuwa nyuma ya maduka, paa la bati na sakafu ya saruji iliyofagiliwa. Fundi alitusalimia, akamwita baba muzehe, akamletea kiti cha plastiki. Baba hakukaa. Alisimama nyuma yangu kidogo wakati fundi anafungua alteneta na kuiweka juu ya meza. Puli ile haitoki kwa spana ya kawaida. Inahitaji soketi ya pekee yenye meno, inayoshika mhimili wa ndani wakati nyingine inazungusha puli. Baba aliitazama soketi hiyo kwa muda mrefu.

Fundi alikuwa anaongea huku anafanya kazi, na alikuwa anaongea na mimi.

"Huyo fundi wako, mama, usirudi kwake. Gari ilikuwa inalia, inaomba msaada, yeye akaifunga mdomo."

Nilitaka kusema kitu chochote. Nyuma yangu baba akasema:

"Ni mimi."

Fundi akageuka.

"Mkanda mfupi niliuweka mimi," baba akasema. "Mimi ni fundi. Nilikuwa."

Fundi aliweka soketi chini. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Nisamehe, muzehe. Sikujua."

"Umesema kweli, samahani ya nini? Nionyeshe."

Akamwonyesha. Alimpa puli mpya mkono mmoja na ya zamani mkono mwingine. Baba alitia kidole ndani ya ile mpya akaizungusha. Upande mmoja ilikwenda bure, bila sauti. Upande wa pili ikakamata. Akarudia. Akarudia tena, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na sikuweza kuusoma uso wake. Nilimkumbuka kwenye gereji ya misheni akiwa na umri kama wa fundi huyu, watu wazima wakimsubiri aseme.

"Kwa nini wameifanya hivi?" akauliza. "Puli ni ya kuzunguka tu."

"Injini ya dizeli inaenda kwa kurukaruka, muzehe. Inasukuma, inaacha, inasukuma, inaacha. Alteneta ni nzito, haiwezi kuacha haraka hivyo. Kama puli imeshikana nayo, kila mara injini ikiacha, alteneta inavuta mkanda. Hii inaiachia iende yenyewe."

"Malori yangu yote yalikuwa ya dizeli."

"Mikanda yake ilikuwa minene. Na injini ilikuwa inazunguka polepole."

Baba akatikisa kichwa kukubali. "Polepole sana," akasema.

Alteneta ilibadilishwa beringi zote mbili, na puli ndogo ya mkono wa springi ikabadilishwa pia. Fundi alipofika kwenye kukaza puli mpya, alimwambia, "Shika hapa, muzehe," na baba akavua koti akashika mpini wa soketi huku yeye akikaza mpaka spana ikapiga mlio wake. Mwisho, fundi akachukua kifuniko kidogo cha plastiki cheusi akakibandika mbele ya puli kwa kidole gumba. "Ile ya zamani haikuwa na hii," akasema. Baba akakigusa kifuniko kile kwa ncha ya kidole.

Injini ilipowashwa nilisogea karibu nikausikiliza mkanda kwa makini. Mkono wa springi ulikuwa umetulia. Niliuangalia mpaka fundi akaniuliza kama kuna shida.

Tukiwa kwenye foleni ya taa, baba akasema, akiangalia mbele:

"Uliona mkono wa springi unacheza."

Fundi alikuwa amemwambia, au aliona jinsi nilivyouangalia gerejini. Sikuuliza.

"Niliona."

"Lini?"

"Aprili. Ulipofunga mkanda mpya."

"Na ile siku ya sabuni. Ulikuwa unalia?"

"Ulikuwa unalia kidogo."

Taa ikawa kijani, nikaondoa gari. Tulikuwa karibu na nyumbani alipozungumza tena.

"Mwanangu," akasema, "mimi sisikii. Nilikuuliza wewe kwa sababu hiyo. Kama ningekuwa nataka kufurahishwa ningeuliza mtu mwingine."

Nilimwomba radhi. Alisema basi, yameisha, lakini hakuyasema kama mtu ambaye yamemwishia, na siku mbili hakutaka nimmiminie chai.

Alikuwa ameiomba puli ya zamani, akaja nayo mfukoni. Jumanne aliibana kwenye jiliwa lake, nyuma ya nyumba, akaanza kuikata kwa msumeno wa chuma. Puli ile imetengenezwa kwa chuma kigumu. Alivunja misumeno miwili. Alikata asubuhi, akapumzika mchana, akaendelea jioni kabla jua halijazama. Jumatano nilipotoka kazini nilimkuta ameifungua. Ndani kulikuwa na vijiti vidogo vya chuma na vispringi vyembamba kama nyuzi, na vyote vilikuwa vimeshikamana kwa kutu, rangi ya udongo wa huku kwetu. Alikuwa amevipanga juu ya gazeti.

"Maji," akaniambia. "Yameingia kwa mbele. Kile kifuniko cha plastiki, mimi ndiye niliyekitoa. Siku uliponunua gari. Nilitaka kuona nati iko wapi, nikaona ni kiplastiki tu, nikakitupa. Na kila Jumamosi naiosha injini kwa mpira wa maji."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma mita ya umeme. Nilisimama na mkoba begani nisijue pa kuuweka. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna ambaye angejua, nikaona kwamba hiyo nayo ingekuwa kumfurahisha.

"Mpigie yule fundi," akasema. "Mwambie chanzo. Lazima ajue, asije akafikiri iliharibika yenyewe."

Nikampigia palepale uani. Fundi akauliza kama muzehe anaweza kumpelekea puli hiyo iliyokatwa, kwa sababu hajawahi kuona ndani yake, na angependa kuwaonyesha wateja wanaoosha injini.

Baba alikwenda Ijumaa, kwa pikipiki, vipande vikiwa vimefungwa kwenye lile gazeti. Aliondoka saa nne na kurudi saa kumi. Nilimwuliza walizungumza nini muda wote huo. Akasema walizungumza mambo ya kazi, akaenda kunawa grisi mikononi.